Pua ya Wifi

Kesi ya hamira ilisikilizwa ndani ya bekari, asubuhi, mara tu baada ya beseni zima la unga kumwagwa. Hakimu alikuwa kaka wa mshitakiwa, naye alikalia gunia kwa kuwa kiti cha bekari kilikuwa kimevunjika mguu. Aliyekivunja ni mshitakiwa huyohuyo, lakini hilo lilikuwa kosa la likizo iliyopita na adhabu yake ilikwisha kutumikiwa. Mshitakiwa alisimama mikono nyuma, kichwa chini, kwa ule unyenyekevu ambao mwanafunzi wa bweni hujifunza kuuvaa upesi kuliko sare.

Jina lake la utani lilikuwa Upupu. Alilipata bwenini, na hakuna haja ya kueleza alilipataje. Aliyewahi kuguswa na mmea huo ataelewa, na matroni aliyelalia yale mashuka anaelewa zaidi.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," kaka alisema. "Umetia nini kwenye hamira?"

"Sijatia kitu, kaka."

"Kwenye maji je?"

"Sijatia."

"Kwenye unga?"

"Kaka, haki ya Mungu, tangu nishuke kwenye basi sijafanya utundu hata mmoja. Mwenyewe nimeanza kujitilia shaka."

"Bosi, usimwamini huyu," alidakia Redio, msambazaji wa mikate, aliyekuwa ameegemea kreti zake tupu. Aliitwa Redio kwa sababu habari ikimwingia sikioni alfajiri, kufikia adhuhuri ilikuwa imefika kila mlango uliofikiwa na baiskeli yake, pamoja na mikate. "Nani alinijazia unga kwenye kofia? Nimeivaa mbele ya wateja, nikageuka mzimu mchana kweupe. Mtoto wa watu alikimbia akaacha kiatu."

"Huo ulikuwa utoto, anko Redio."

"Ilikuwa likizo iliyopita!"

"Ndiyo nakwambia. Mtu hukua."

Ili haki itendeke, yafaa ushahidi uelezwe. Ndani ya bekari ile hapakuwa na saa ya ukutani. Palikuwa na pua ya wifi. Kila alfajiri kaka alipomaliza kukanda, na donge la unga likaachwa liumuke chini ya kitambaa, mkewe aliinua pembe ya kitambaa, akainama, akavuta pumzi, akasema "bado" au "tayari". Akisema bado, watu walingoja. Akisema tayari, watu walikimbia. Pua hiyo iliwahi kulitambua gunia lililolala karibu na mafuta ya taa kabla hata halijafunguliwa. Iliwahi kujua, kwa kunusa kola ya shati, kwamba kaka alipitia kula chipsi siku aliyosema hana njaa. Kaka aliiamini pua hiyo kuliko macho yake mwenyewe.

Sasa, tangu asubuhi ya kwanza ya likizo, pua ilikuwa imetamka kwamba unga unanuka misumari yenye kutu. Kaka alinusa, hakusikia kitu. Redio alinusa, akasikia njaa. Lakini haikumpitia yeyote akilini kwamba pua inaweza kukosea. Hamira ikabadilishwa: misumari. Unga ukaletwa kutoka kwa muuzaji mwingine, na yule wa kwanza akasemwa kwenye simu hadi akakata: misumari. Maji yakachotwa kwenye bomba la jirani: misumari. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki ambacho hakikuwepo kabla ya harufu hiyo, nacho kilikuwa kimeingia nyumbani na sanduku la bati na tabasamu pana.

"Lete ufunguo wa stoo," kaka alisema.

Hapo unyenyekevu wa kuigiza ukaisha, ukabaki wa kweli. Kaka ndiye aliyemlea Upupu tangu wazazi wao wafariki. Alimsomesha kwa mikate, na mikono yake ilikuwa na makovu ya tanuri mpaka kwenye viwiko. Jioni ile Upupu alipofika likizo, kaka alimwekea ufunguo wa stoo kiganjani, akasema, "Umekua. Safari hii nakufundisha tanuri." Upupu aliutia uzi, akauvaa shingoni. Alioga nao. Alilala nao.

"Nipe mpaka kesho, kaka. Nitamtafuta mwenye kosa."

"Mwenye kosa ninaye hapa."

"Basi nipe nafasi nijitafute."

Redio aliangua kicheko. Kaka naye alitaka kucheka, akakumbuka kwamba yeye ni hakimu. "Mpaka kesho. Unga ukinuka tena, unauacha ufunguo, na shangazi anakuja kukuchukua. Utakaa kwake mpaka shule ifunguliwe."

Nyumbani kwa shangazi kila kitu kilivishwa kitambaa: viti, televisheni, hata birika. Mgeni aliyetulia mahali pamoja kwa muda mrefu alikuwa hatarini. Upupu aliondoka mbele ya hakimu akiwa na sababu zote za kufanya kazi kwa bidii.

Alianza uchunguzi kwa kujiuliza nani huigusa hamira. Kaka huigusa, lakini nani atajiharibia unga wake mwenyewe? Redio angeweza kufanya kosa lolote, ila asingeweza kulinyamazia. Akabaki mmoja. Upupu alijionea haya hata kuliwaza jambo hilo, kisha akaanza kumfuatilia wifi yake kama kivuli.

Aliyoyaona yalimtia mashaka makubwa. Wifi yake, mwanamke aliyezoea kufanya kazi za watu wengi huku akiimba, alisinzia wima, ameegemea fremu ya mlango, mkononi ameshika bati la kuokea. Mara kwa mara alitoka mbio kwenda msalani, kama mtu aliyeacha mgeni huko. Alikata limao, akalitafuna na ganda lake bila hata kukunja uso, wakati Upupu aliyekuwa akichungulia dirishani alihisi meno yake yakifa ganzi. Na skonzi zilipotoka tanurini, moja ikiwa ndogo kuliko nyingine, wifi yake aliiokota, akaitazama, machozi yakamtoka.

"Vipi tena?" Redio aliuliza kwa hofu.

"Wenzake wote wameumuka," wifi alisema, akiikumbatia ile skonzi. "Yeye kaachwa peke yake."

"Shemeji, basi nipe niile, asiteseke."

Wifi alimfukuza na koleo la tanuri.

Upupu alitikisa kichwa kwa huzuni ya mpelelezi. Bwenini alikuwa ameona wenye hatia wengi, naye mwenyewe akiwa mmojawapo. Wote huwa hivyohivyo: usiku hawalali kwa hiyo mchana wanasinzia, wanalia ovyo, na msalani hawaishi kwenda. Hatia ilikuwa inamla wifi yake. Kilichobaki ni ushahidi, na ushahidi ungekuwa stoo.

Alifungua stoo alasiri, kaka alipokuwa amejipumzisha. Ndani, kila kitu kilikuwa cheupe. Unga haukosi pa kutua: ulikuwa juu ya magunia, rafu, mizani na utando wa buibui. Upupu alipapasa huku na huku, akafika nyuma kabisa, mahali ambapo kitu kilisimama kimefunikwa shuka. Alikijua kitu hicho. Kilikuwa kitanda cha mtoto, chenye vijiti pande zote. Kaka alikinunua mwaka uliopita, wifi alipopata mimba. Mimba iliharibika ikiwa bado changa, na kitanda hakuna aliyejua kirudishwe wapi. Kikaletwa hapa, kikafunikwa, na tangu hapo watu walipokuja kuchukua unga hawakutazama upande huo.

Upupu aliinua shuka. Lilikuwa limefuliwa. Kitanda chenyewe kilikuwa kinang'aa. Katika stoo nzima iliyojaa vumbi la unga, mtu alikuwa amekipangusa kijiti kwa kijiti, hata kwenye maungio ambako kitambaa hakipiti mpaka ukisukume kwa kidole.

Alisimama hapo, na kutoka mbali ikamjia sauti ya darasa zima, likiitikia kwa pamoja kama linavyoitikia jedwali la kuzidisha. Mwalimu wa biolojia aliwaimbisha mpaka madirisha yakatetema. Kukosa hedhi! Kichefuchefu! Uchovu na usingizi! Kwenda haja ndogo kila mara! Kulia bila sababu! Kuchukia harufu ulizozipenda! Kwenye mtihani Upupu alipata alama zote, tena akaongeza mchoro ambao hakuombwa. Alikuwa amezikariri dalili zile, akazitazama zikipita mbele yake kutwa nzima, moja baada ya nyingine, naye akaziita hatia.

"Unatafuta nini humo, wifi?"

Wifi yake alikuwa mlangoni. Upupu aliachia shuka.

"Nilikuwa natafuta anayeharibu unga."

"Umempata?"

"Nadhani," Upupu alisema taratibu. "Lakini nadhani bado ni mdogo sana."

Wifi yake aliingia, akavuta mlango nyuma yake, akakaa juu ya gunia.

"Usilitamke," alisema. "Nakuomba, wifi yangu. Usilipe jina."

"Umepima?"

"Sijapima."

"Kwa nini sasa?"

"Nikipima, nitajua." Alikuwa anaukunjakunja upindo wa aproni yake. "Mara ile nilijua mapema. Nikamwambia kaka yako hata chai yake haijapoa. Akatoka na kandambili, hakusema anakwenda wapi, akarudi amebeba hicho kitanda kichwani, anacheka peke yake barabarani. Redio akatangaza. Halafu lilipotokea lililotokea, Redio alishindwa kutangaza. Maskini, kila akitaka kusema alikuwa analia. Kwa hiyo wateja hawakujua. Mtu anakuja kununua mkate: 'Mama, mzigo unaendeleaje?' Namrudishia chenji, natabasamu. Kesho anakuja mwingine."

Upupu hakuyajua hayo ya wateja; habari ya mimba aliisikia baadaye, likizoni. Alikuwa shuleni, na kwenye simu kaka alisema tu kwamba wifi yake hajisikii vizuri.

"Ndiyo maana ukasema ni hamira."

"Sikudanganya. Inanuka kweli, nakuapia, nahisi kama nimekumbatia geti bovu. Ila asubuhi ile iliponuka tu, nikajua. Nikajiambia hapana, ni hamira. Hamira ikiharibika, mtu anakwenda dukani ananunua nyingine."

Upupu, ambaye mwalimu wa zamu alimwandikia kwenye ripoti kwamba hakuna swali linalomshinda kujibu wala linalomhusu, alikaa kando ya wifi yake kwenye gunia, akamshika mkono. Ulikuwa baridi na una unga.

"Leo asubuhi wakati kaka yako anakusema," wifi aliendelea, "nilitaka kumwambia mwache mtoto wa watu. Nikifungua mdomo nahisi yatatoka yote, na Redio kasimama pale. Nisamehe."

"Unaogopa?"

"Mpaka kwenye kucha."

"Nikunyamazie mpaka lini?"

"Mpaka nipate moyo wa kwenda zahanati. Siku si nyingi."

Upupu alifikiri. "Mimi na kunyamaza hatujawahi kukutana," alisema. "Lakini nitakwenda kujitambulisha."

Wifi yake alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko. Dalili hiyo nayo imo kitabuni.

Alfajiri iliyofuata kitambaa kiliinuliwa kama kawaida. Wifi aliinama, akavuta pumzi, rangi ikamtoka usoni. Hakusema bado wala tayari. Alishika ukingo wa meza.

"Misumari?" kaka aliuliza.

Akaitikia kwa kichwa.

Kaka aliutupa mwiko. "Basi nafunga. Siwezi kuwalisha watu kitu nisichokijua. Namwita mtu wa afya aje apime kila kitu humu ndani, mpaka kuta, na nisiuze hata kipande mpaka atakapomaliza. Redio, nenda kawaambie wateja."

"Ngoja," wifi alisema.

Wote walimgeukia. Mdomo wake ulikuwa wazi. Redio alikuwa ametega sikio, mguu mmoja tayari kwenye pedali ya baiskeli. Upupu aliona maneno yakipanda kooni mwa wifi yake, akaona pia jinsi yatakavyopokelewa, yatakavyopakiwa kwenye kreti na kusambazwa mlango kwa mlango. Akapiga hatua mbele.

"Ni mimi," alisema.

Redio alishusha mguu kutoka kwenye pedali.

"Nilitumbukiza soksi kwenye pipa la maji."

"Soksi gani?" kaka aliuliza.

"Ya shule. Nyeupe. Ilikuwa imechezewa mpira."

Redio, aliyekuwa anatafuna skonzi ya jana, aliacha kutafuna.

"Na tulipochota maji kwa jirani?"

"Nilikuwa naifuatisha, kaka. Maji yakihama na yenyewe inahama."

Alingoja ngurumo. Ingekuja, angeipokea, alikuwa amezoea. Haikuja. Kaka alimtazama tu, na katika macho yake hamkuwa na hasira bali uchovu, kama mtu aliyeona mkate mzuri ukizama katikati. Akanyoosha mkono. Upupu aliuvua uzi shingoni. Ulinasa sikioni, ukachukua muda mrefu kutoka.

"Nitampigia shangazi," kaka alisema. "Leo utasugua mabati yote."

Wifi alimwangalia Upupu kwa macho yaliyojaa machozi, na Upupu akamkonyeza. Kisha, kaka alipoinama kukanda upya, Upupu alipita karibu na wifi yake na kumtilia nusu ya limao kwenye mfuko wa aproni, kwa ustadi ambao bwenini hutumika kusafirishia sukari. Unga ulipokuwa tayari kunuswa, wifi alijipangusa pua kwa kiganja chenye limao, akainama na kusema "tayari" kwa sauti ya mtu anayeaga dunia kwa heshima.

Mchana Upupu alikuwa uani, mabati yamemzunguka kama rundo la makosa yake yote tangu azaliwe. Alisugua na steliwuli mpaka vidole vikakunjamana. Kaka alikuja, akachuchumaa, akachukua bati moja, naye akaanza kusugua.

"Soksi," kaka alisema mwishowe.

"Naam."

"Nyeupe."

"Ndiyo, kaka."

"Soksi za shule yenu ni za kijivu. Nilizinunua mimi. Nilibishana na muuza duka mpaka akanitolea kiti."

Upupu alisugua. "Labda ilipauka."

"Sikiliza. Mimi nakujua. Ukifanya utundu huwezi kungoja watu wagundue, unaanza kucheka mwenyewe pembeni, mabega yanakuponza. Safari hii sijaona bega likitikisika. Unamfichia nani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi?"

"Nimeahidi."

Kaka alifungua mdomo amkemee, akaufunga. Ndani ya maji ya sabuni ganda la limao lilikuwa linaelea. Alilitazama; mwaka uliopita pia mkewe alikuwa akiyatafuna malimao. Akatazama mlango wa stoo.

"Juzi niliingia kuchukua unga," alisema polepole, "nikakuta kile kitanda kimepanguswa. Nikadhani ni wewe, unatafuta cha kuchezea."

Upupu aliinamia bati lililokwisha kuwa safi, akalisugua kana kwamba lilimtukana.

Kaka alikaa chini. Hakutafuta pakavu, alikaa tu, kwenye maji, na suruali yake ya kazi. Alibaki hivyo, bati mapajani.

"Anaogopa," alisema, na hakuwa anauliza. Kisha akasema, "Mimi pia. Mwaka ule nilikimbilia kitanda. Nilikuwa na haraka ya nini? Tangu siku ile najiona kama nilikwenda kumtangulia mtoto njiani nikamtisha." Akajifuta uso kwa kiwiko, unga ukampaka shavu zima.

"Haikuwa kitanda, kaka," Upupu alisema. "Tulifundishwa. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Si mama, si baba. Si kitanda."

Kaka aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama anayepigilia neno lile lisitoke. Halafu akakohoa na kurudia sura yake ya hakimu, kadiri suruali iliyolowa ilivyoruhusu.

"Mimi sijui kitu."

"Hata mimi."

"Tumezungumza soksi."

"Soksi tu, kaka."

Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo na uzi wake, akauweka kwenye kiganja cha Upupu, sabuni na yote. "Shangazi nitamwambia una mafua," alisema.

Asubuhi iliyofuata, kabla wifi hajafika kwenye beseni, kaka alikuwa tayari ameinama hapo. Aliinua pembe ya kitambaa, akanusa, akarudi nyuma ameshika pua.

"Loo! Misumari. Leo hata mimi nimeisikia."

Redio alisogea akanusa kwa nguvu zote. "Bosi, mimi mbona sisikii kitu?"

"Wewe pua yako imezoea mnyororo wa baiskeli. Mke wangu, usisogee huku. Kakae pale mlangoni penye upepo, kiti nimekitengeneza mguu. Siku hizi tutanusa sisi, mimi na huyu." Akamwelekezea Upupu kidevu. "Na mkate tutauza. Misumari ya namna hii haimdhuru mtu."

"Kwa hiyo niwaambie wateja hamira bado mbovu?" Redio aliuliza.

"Waambie hivyohivyo. Mbovu kabisa."

Redio alipanda baiskeli, akaenda na habari yake.

Wifi alikuwa hajakaa. Alimtazama mumewe, aliyekuwa anajitia kupanga mabati yaliyopangika. Akamtazama Upupu, na uzi ulioonekana kwenye kola yake. Upupu alitikisa kichwa haraka: mimi sikusema. Wifi aliona kwamba ni kweli. Akavuka chumba, akaushika mkono wa mumewe na unga wake, akaukandamiza kwenye aproni yake, chini kidogo ya kitovu, mahali ambapo bado hapakuwa na chochote cha kuhisi.

"Nataka kwenda zahanati," alisema. "Nilikuwa naogopa kwenda peke yangu."

"Twende," kaka alisema. "Twende sasa hivi." Kisha akakumbuka. "Na tanuri?"

Walimgeukia Upupu wote wawili.

Waliondoka hivyohivyo, kaka amevaa aproni mpaka barabarani, hawaulizani kitu, wameshikana mikono kama watoto wanaopelekwa shule siku ya kwanza. Upupu aliwasindikiza kwa macho mpaka kona, akarudi ndani. Tanuri lilikuwa linanguruma kidogo kidogo. Alikwenda kwenye beseni, akainua pembe ya kitambaa, akainama na kuvuta pumzi kwa uzito wote wa cheo chake kipya. Hakusikia misumari. Ulikuwa unanuka unga, na joto, na kitu kinachoinuka taratibu bila kumwomba mtu ruhusa.

"Bado," alitangaza, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. Akaufunika vizuri pande zote, akavuta kiti, akakaa kuungoja.